Sebule ya L, spika tano na ukuta usiokuwepo

Shemeji yangu alijenga nyumba yake Kimara, Dar es Salaam, kwa awamu mbili, na sauti inalijua hilo kuliko mgeni yeyote anayeingia. Awamu ya kwanza sebule ilikuwa chumba cha kawaida, mita 4.2 kwa mita 5. Baadaye hela ilipopatikana, nusu ya ukuta wa kulia ikavunjwa, dining ikaongezwa upande ule, na sebule ikageuka L. Kwa macho imependeza. Kwa spika tano na sabufa, ni mtihani.

Alinipigia Jumamosi moja asubuhi. "Shemeji, njoo usikilize mwenyewe. Gari kwenye sinema linatokea nyuma kushoto safi kabisa, likifika kulia linarukia mbele karibu na TV. Fundi kaja mara mbili, anasema mashine haina tatizo."

Mashine kweli haikuwa na tatizo. Risiva, ile mashine inayopokea sauti na kuigawia spika, ilikuwa imepimwa kwa maikrofoni yake, umbali wa kila spika ulikuwa sahihi, na waya zote zilipita kwenye tranki bila hata mmoja kuning'inia. Tatizo lilikuwa spika ya nyuma ya kulia. Kulia kwa kochi hakuna ukuta tena, kuna uwazi wa dining. Fundi akaitundika pale ukuta ulipoishia, na ukuta uliishia karibu mita moja mbele ya masikio ya anayekaa. Kwa jina ni spika ya nyuma, ila ilikuwa inapiga kutokea mbele.

Chumba chenye umbo la ajabu kinakuvurugia mambo matatu kwa mpigo: umbali wa spika, ukubwa wa sauti, na pembe ambayo sauti inakujia. Watu huyachanganya, ndiyo maana wanazungusha vitufe mwaka mzima bila nafuu. Mawili ya kwanza unayamaliza umekaa, rimoti mkononi. La tatu linakutaka uinuke uhamishe spika. Besi nayo ina mambo yake, nitaifikia.

Tuanze na umbali, maana ndio unaotisha watu bure. Kwenye joto la Dar es Salaam la nyuzijoto 30, sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde, yaani kama sentimita 35 kwa kila milisekunde. Spika ya kushoto ya shemeji ilikuwa mita 1.6 kutoka kichwani mwake, ya kulia mita 2.85. Tofauti ni mita 1.25, sawa na milisekunde 3.6 hivi. Unaweza kusema huo si muda, lakini kwa sikio ni mrefu sana. Mwaka 1949 Mjerumani Helmut Haas, katika tasnifu yake ya udaktari kule Göttingen, alionyesha kwamba sauti ile ile ikitoka sehemu mbili na moja ikatangulia kwa milisekunde chache tu, ubongo unaziunganisha kuwa sauti moja na kuipa mahali pa ile iliyotangulia. Hata iliyochelewa ikiwa na nguvu zaidi kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kama 10, bado utaapa kwamba sauti inatoka kule kwa kwanza. Kwa hiyo spika iliyo karibu inamteka msikilizaji.

Dawa ya hilo iko ndani ya risiva. Ukiandika umbali halisi wa kila spika, yenyewe inaichelewesha ile ya karibu ili zote zifike masikioni pamoja. Ukubwa wa sauti ni hivyo hivyo. Mahali pa wazi, kila umbali ukizidi mara mbili unapoteza desibeli 6. Ndani ya nyumba unapoteza pungufu kwa sababu kuta zinakurudishia kiasi. Kwa shemeji tofauti ingekuwa kama desibeli 5 mahali pa wazi, na risiva ilikuwa tayari imeipunguza ya kushoto. Ndiyo maana fundi alisema kila kitu kiko sawa. Kwa yale inayoyaweza mashine, alikuwa sahihi.

Lakini hakuna kitufe cha pembe. Sikio linajua sauti imetoka wapi kwa jinsi inavyowahi upande mmoja wa kichwa kabla ya mwingine, na kwa jinsi mikunjo ya sikio lenyewe inavyoibadilisha. Spika iliyo mbele kulia itasikika mbele kulia, uicheleweshe usiicheleweshe. Zipo mashine za gharama kubwa zinazogawa sauti kati ya spika mbili ili isikike kama inatoka katikati yake. Mbele ya uso ujanja huo unafanya kazi vizuri mno. Pembeni ya kichwa sikio halidanganyiki kirahisi.

Sasa, pembe zipi? Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake BS.775, linaweka spika za mbele nyuzi 30 kila upande wa mstari unaotoka kichwani kwenda katikati ya TV, na zile za nyuma kati ya nyuzi 100 na 120. Ona kwamba "za nyuma" haziko nyuma kwa kweli. Ziko pembeni, zimerudi kidogo tu. Ukizipeleka kwenye kona za ukuta wa nyuma kama wengi wanavyofanya, unaacha shimo pembeni na gari la sinema linaruka shimo hilo.

Nani ana kipima pembe cha ukubwa wa sebule? Tumia saa. Fikiria saa ya ukutani imelazwa sakafuni, kichwa chako kiko pale mishale inapoungana, TV iko kwenye 12. Nasema namba iliyoandikwa, siyo saa kumi na mbili yetu, maana hiyo mshale unaelekea 6 na utaiweka TV mgongoni. Kutoka namba hadi namba ni nyuzi 30. Spika za mbele zinakaa kwenye 11 na 1. Za nyuma zinakaa zikiwa zimepita kidogo 3 kwa kulia, na hazijafika 9 kwa kushoto ukihesabu kutokea chini. Ukiwa na mtambo wa 7.1, yaani spika saba na sabufa moja, zile mbili za ziada zinaingia karibu na 5 na 7. Spika ya kulia ya shemeji, kwa saa hii, ilikuwa katikati ya 2 na 3. Hapo unaona kosa bila kusikiliza chochote.

Uzuri wa saa hii ni kwamba haijali chumba. Inafuata kichwa. Sisi sebule zetu tunazipanga kama baraza: makochi yamezunguka kuta zote, meza katikati, kila mtu anamwona mwenzake. Kwa mazungumzo hakuna mpangilio bora kuliko huo. Lakini spika zikipangwa kwa kufuata kuta zile zile, zinampigia muziki meza. Chagua kiti kimoja, hata kama unaonekana mchoyo, kiwe ndicho cha kupimia. Waliobaki watapata sauti nzuri kiasi chake, na watapata nzuri zaidi kuliko kama ungejaribu kumridhisha kila mtu.

Tulifanya hivyo. Kochi kubwa lilikuwa limesogea kushoto ili kuacha njia ya kwenda dining, na TV imelifuata, kwa hiyo kiti cha katikati kilikuwa mita 1.5 tu kutoka ukuta wa kushoto. Tuliacha hivyo hivyo. Tulivuta futi kamba kutoka katikati ya TV hadi kiti kile, tukauchora mstari kwa chaki juu ya vigae, na kuanzia hapo chumba kikawa ni kile kilicho kulia na kushoto kwa chaki. Mstari wa katikati ya nyumba haukutuhusu tena.

Spika ya mbele ya kushoto ilikuwa sentimita 20 tu kutoka kwenye kona, na kona hunenepesha besi: sauti za wanaume upande ule zilikuwa kama za mtu anayeongea ndani ya pipa, wakati ya kulia ilikuwa safi. Tuliisogeza ndani hadi mita 1.1 kutoka kwenye chaki, na ya kulia mita 1.1 pia. Ili pembe isibane sana, kochi tukalivuta mbele sentimita 30, likawa mita 2.7 kutoka kwenye mstari wa spika. Hapo kila moja iko nyuzi 22 hivi. Siyo 30 ya kitabuni, ila Dolby wenyewe, kampuni ya mifumo ya sauti za sinema, kwa sebule za nyumbani wanakubali kuanzia 22, na mimi nachagua pembe ndogo zilizo sawa kuliko pembe kubwa upande mmoja.

Ya nyuma kushoto ilibaki ukutani ilipo, kwa sababu kochi liliposogea mbele yenyewe ikawa imerudi nyuma hadi karibu nyuzi 120. Bado iko ndani. Kazi ikawa kuweka pacha wake kulia: mita 1.5 kutoka kwenye chaki, sentimita 85 nyuma ya masikio. Hewani, yaani. Hapo hakuna ukuta, kuna njia ya watu wanaobeba sahani.

Tulifikiria kuitundika darini. Dari ya jipsamu haibebi kitu yenyewe, na ukifunga skrubu kwenye jipsamu tupu utaikuta spika mezani siku moja. Lazima uipate mbao au chuma kilicho juu yake, na mbao ya shemeji ilikuwa inapita mahali pengine kabisa. Basi fundi wa kuchomelea pale barabarani akatengeneza stendi ya bomba la mraba, kitako chake bamba zito la chuma ili mtoto akiigonga isianguke. Kimo chake kinaiweka spika kama nusu mita juu ya masikio ya aliyekaa, sawa na ile ya ukutani. Waya umepita chini ya kapeti hadi nyuma ya kochi. Stendi imesimama nyuma ya mkono wa kochi, na mke wa shemeji ameizungushia ua la plastiki ambalo halizuii sauti na linazuia maneno.

Gari sasa linapita. Lilitokea kushoto, likazunguka nyuma ya vichwa vyetu, likaondokea kulia, na mtoto wa shemeji akageuka kutazama dining.

Siyo kila chumba kigumu ni L. Nyumba za kale za mawe za Unguja na Lamu zina vyumba virefu vyembamba, kwa sababu dari zake zilishikiliwa na boriti za mikoko na boriti hazikutosha kuvuka zaidi ya mita 2.5 hadi 3. Anayeishi humo hushawishika kuweka TV kwenye ukuta mfupi, mwisho wa chumba, kama sinema. Kwa spika hapo pagumu: mbili za mbele zinabanana na kuta za pembeni, na za nyuma haziwezi kukaa mbali nawe. Mimi ningeigeuza, TV iwe kwenye ukuta mrefu. Ukikaa mita 2 kutoka kwenye TV, spika za mbele zikiachana mita 2.3 zinakupa nyuzi 30 kamili, na pembeni una nafasi tele kwa zile mbili nyingine. Utakaa umeegemea ukuta wa nyuma, kwa hiyo za nyuma ziweke kwenye 3 na 9 kamili na uzipandishe kidogo. Na usitoboe ukuta wa chokaa wa miaka mia mbili kwa ajili ya spika; kuna vidaka, vile vishimo vilivyojengwa ukutani, na kidaka kinabeba spika ndogo vizuri ukiileta ukingoni isizame shimoni.

Kuzama shimoni ndilo kosa la spika ya katikati pia. Inawekwa ndani ya kabati la TV, chini, mdomo umeelekea magoti. Maneno karibu yote ya sinema hupita kwenye spika hiyo, halafu watu wanalalamika kwamba muziki unapiga sana na mazungumzo hayasikiki. Ivute mpaka ukingo wa kabati, weka kipande cha mpira chini ya mbele yake iangalie masikio. Ni dakika mbili.

Sasa besi. Hapa sahau saa, sahau chaki. Chini ya hezi 80 hivi, yaani mitetemo 80 kwa sekunde, sikio halitambui vizuri sauti inatoka wapi. Wimbi moja la hezi 80 lina urefu wa zaidi ya mita 4, karibu upana wote wa sebule ya shemeji. Mawimbi marefu hivyo yanagonga kuta, yanarudi, yanakutana yenyewe kwa yenyewe. Penye kuungana besi inavimba, penye kugongana inakufa. Katika chumba cha pembe nne unaweza kukadiria: mita 5 za urefu huvimba kwanza kwenye hezi 35 hivi. Kwenye L sehemu ya wimbi inatorokea dining na korido, na hesabu ya darasani inakwama. Ndiyo maana sabufa ile ile inayotikisa chumba cha jirani inaonekana dhaifu kwako. Kwa besi, sebule yako ni pamoja na dining na korido.

Njia isiyokosea ni ya kuchekesha. Sabufa unaikalisha wewe unapokaa, juu ya kochi, kwenye kiti kile kile cha kupimia. Unapiga wimbo wenye besi nzito isiyobadilika-badilika. Halafu unatambaa kandokando ya kuta, sikio karibu na sakafu, ukitafuta mahali ambapo kila noti ya besi inasikika kwa uzito unaolingana na mwenzake. Njia ya sauti kutoka A kwenda B ni ile ile kutoka B kwenda A, kwa hiyo mahali hapo ndipo sabufa itakapokaa. Tulitambaa, mimi na shemeji, wanaume wawili wenye vitambi, watoto wakirekodi kwa simu.

Pazuri kuliko pote palikuwa ubavuni mwa kabati la vyombo. Tulipoihamishia hapo glasi zote zikaanza kuimba. Ikaenda namba mbili, pembeni ya mlango wa korido, na kitufe cha nyuma yake chenye 0 na 180, kinachogeuza wimbi la besi juu chini, tukakiacha pale ambapo besi ilisikika nene zaidi kwenye kiti. Angalizo kwa wenye spika ndogo za kiganja: hizo hazishuki hadi hezi 80, kwa hiyo sabufa inalazimika kupiga mpaka 150 hivi, na huko sikio linaitambua. Sabufa ya namna hiyo ikae mbele, karibu na TV, hata kama besi haitakuwa bora.

Bado vigae. Piga kofi moja katikati ya sebule tupu usikie ule mlio wa trrr. Hiyo ni sauti ikirukaruka kati ya kuta mbili tupu. Mwaka 1895 Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alipewa ukumbi ambao neno moja lilichukua zaidi ya sekunde 5 kufa. Akawa anabeba mito ya viti usiku kutoka ukumbi mwingine, anaipanga, anapima. Kipimo chake cha kunyonya sauti kilikuwa dirisha lililo wazi, kwa sababu sauti ikitokea dirishani hairudi. Kwetu habari hiyo ina maana ya pekee: madirisha yetu yako wazi kwa joto, na uwazi wa dining nao ni dirisha kubwa. Upande wa kulia wa shemeji ulikuwa tayari unanyonya. Wa kushoto, ukuta wa plasta na kioo, ulikuwa unarudisha kila kitu. Kwa hiyo pazia zito lilienda kushoto, na kapeti kati ya kochi na TV. Hatukuongeza chochote kulia. Mvua ya masika ikipiga juu ya bati, hata hivyo, hakuna mpangilio utakaokusaidia.

Mwisho kabisa ndipo tukairudia ile maikrofoni ya risiva, baada ya kila kitu kukaa mahali pake. Kama mtambo wako hauna maikrofoni, pima umbali kwa futi kamba kutoka kwenye sikio hadi kila spika, uandike. Halafu washa ule mlio wa majaribio wa shhh na programu ya kupimia sauti kwenye simu, ulinganishe spika zote zisome namba moja, tuseme 75. Simu haisemi kweli kuhusu namba yenyewe, lakini kwa kulinganisha spika na spika inatosha. Kwa sabufa usiiamini, tumia masikio.

Kabla ya yote hayo hakikisha kama una 5.1 ya kweli. Seti nyingi zinazouzwa sokoni kwa jina la sabufa zina spika tano na mlango wa sauti wa waya mbili tu, nyekundu na nyeupe, pamoja na bluetooth. Hiyo ni stirio iliyogawanywa mara tano. Spika za nyuma zinarudia za mbele. Tafuta mlango wa HDMI au wa waya wa mwanga. Usipouona, weka spika mbili mbele na ujipatie amani.

Na kama chumba kimekataa kabisa, mlango huku, ngazi kule, kochi haliwezi kusogea, mimi nashauri spika tatu za mbele na sabufa, basi. Spika ya nyuma iliyo mahali pabaya ni kero kuliko isiyokuwepo.

Kwa shemeji kilichobaki ni kochi. Sebule ile ndiyo ya vikao vya harusi vya ukoo mzima, na kila kikao makochi yanarudi ukutani. Tumebandika vipande vinne vya tepu nyeusi kwenye vigae ili kochi lijue pa kurudi. Dada wa kazi aliving'oa wiki ya kwanza akidhani ni uchafu. Vya sasa tumevikata vidogo, vinaingia chini kabisa ya miguu ya kochi.